Barua ya Rais Juu ya Kifuniko cha Injini

Shida yangu ilianza mwaka 1957, nikiwa na miaka kumi. Baba alikufa Unguja kwa homa ya siku tatu, mama akaolewa Pemba, na mimi nikapelekwa Mombasa kwa ami yangu. Yeye alinitoa shule darasa la pili, akanipa brashi ya waya nikwangue kutu kwenye matishari ya bandarini. Kusoma nilijifunza kwa maandishi ya ubavuni mwa meli. Kiingereza nilijifunza kwa kutukanwa. Kwa hiyo atakayeona makosa humu asinisahihishe, aendelee na safari.

Tangu nirudi kutoka Marekani, kila Ijumaa baada ya sala mnaniuliza: "Mzee Makame, vipi huko kwa Admirali?" Nawajibu salama, mnatazamana. Basi nimechoka kusema salama. Someni.

Kwanza niseme kilichonipeleka. Mke wangu Zuhura alifariki mwaka 2010, mwezi wa kumi na moja. Siku ya hitima, pale ukumbini Scarborough, huku Toronto tulikohamia toka Mombasa, mwanangu Twaha akasimama kumzungumzia mama yake, kwa Kiingereza, maana ndicho alicho nacho. Akasema mama alikuwa mpishi, mama alikuwa mkali, na mama alikuwa hodari wa kusimulia. "Alikuwa na ile hadithi yake ya baba kumwokoa admirali wa Marekani," akasema. "Sijui aliitoa wapi, lakini nilipokuwa mtoto niliipenda." Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

Mimi sikucheka. Zuhura alikuwa hajamaliza hata arubaini ardhini na mwanawe amemfanya mtunga ngano.

Kilichotokea ni hiki, na wengi wenu mlikisikia kwa Zuhura, si kwangu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa nahodha wa motaboti ya bandari Mombasa. Manowari ya Marekani ikatia nanga nje. Kapteni wake alikuwa na barua ya rais wao ya kumkabidhi rais wa Kenya, nikatumwa kumchukua. Alipokuwa anashuka ngazi, wimbi liliinua boti, mguu wake ukakosa kidato, akaingia majini katikati ya boti na ubavu wa meli. Mahali pale mtu hupondwa kama kitunguu saumu kinuni. Juu ya ngazi alikuwepo luteni wake kijana, amesimama kama mlingoti wa bendera. Mimi niliachia usukani, nikalala kifudifudi, nikamdaka mkanda wa suruali. Boti iliporudi ubavuni ilichukua vidole vyangu viwili. Yeye nilimtoa mzima, na mkoba wake pia.

Bahasha ya rais ilikuwa imelowa chapachapa. Nikaianika juu ya kifuniko cha injini, penye joto, nikailaza kofia yangu juu yake isipeperuke. Tukazunguka bandari karibu nusu saa mpaka ikakauka, kapteni kajifunika turubai anatetemeka. Maji ya Mombasa hayana baridi. Alikuwa anatetemeka kwa mengine. Gatini alinishika mabega yote mawili, akasema, "Makame, sitasahau maisha yangu yote." Baadaye nikasikia kawa admirali.

Hayo sikuwahi kuyasema mbele ya watu. Nilikolelewa mimi, aliyetenda wema hasemi. Anayesema ni aliyetendewa, na akisema yeye ndipo jambo linakuwa limetokea. Mke anaweza kusema, kwa sababu mke hujivunia. Mwenyewe akisema, ameuza wema wake.

Twaha aliponiona sikucheka, alimtafuta Admirali huko mtandaoni akampata: mstaafu, anaishi Annapolis, Marekani, na binti yake. Binti akajibu tufike kwa chakula cha mchana. Mambo ya tiketi na karatasi nayaruka, hayana utamu. Tulikubaliana hivi: Twaha atakaa pale, atasikia kwa masikio yake, na tukirudi atasimama tena mbele ya watu wale wale afute alichosema juu ya mama yake.

Toronto hadi mpakani

Tuliondoka mwezi wa Aprili 2011, asubuhi. Bi Filomena, Mgoa wa Dar es Salaam tuliyekaa naye jengo moja mtaa wa Thorncliffe miaka kumi na minane kabla sijanunua nyumba, alikuja kituoni na kilo mbili za halwa kwenye bakuli la plastiki. Kwa mtu mkubwa huendi mikono mitupu.

"Bwana Makame," akaniambia, "ukifika huko usikae kama bubu. Hawa wazungu ukinyamaza wanadhani huna la kusema."

"Yeye ndiye mwenye la kusema," nikamjibu.

"Haya. Kaa na adabu zako. Utarudi nazo zote, hakuna atakayekunyang'anya."

Theluji ilikuwa bado ipo. Karibu na Hamilton basi lilisimama dakika arobaini, lori limelala njiani. Nikala sambusa zangu mbili. Twaha akala mkate wake wenye majani ndani, ana waya za muziki masikioni. Nikimsemesha kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza. Ndivyo tulivyoishi, yeye na mimi, kama watu wawili wanaopungiana mikono toka magati mawili.

Mpakani tukashushwa wote. Afisa akafungua bakuli.

"Hii ni nini?"

"Halwa."

"Halwa ni nini?"

"Chakula."

Akaichoma kwa kijiti. Ikatikisika. Akamwita mwenzake, naye akaichoma, ikatikisika tena. Mbona gundi, mbona inang'aa, mbona nyeusi. Twaha akaanza kuwaeleza wanga, sukari, samli, zafarani, jasho linamtoka kama aliyekamatwa na bunduki.

"Mnampelekea nani?" afisa akauliza.

"Admirali wa jeshi lenu la majini," nikasema.

Wakacheka wote wawili. "Na mimi jioni nakunywa chai na rais," akasema yule wa pili.

Tukawekwa pembeni saa nzima. Basi zima linatungoja. Mama mmoja wa Kijamaika aliyekuwa nyuma yetu akaniambia, "Mzee, ungeila yote hapo hapo, wabaki kukupima tumbo." Huyo ndiye peke yake siku ile aliyesema neno la maana.

Tuliporudi garini Twaha akaninong'oneza, "Baba, si lazima uwaambie watu habari ya admirali. Sema tu tunamtembelea mtu."

"Kwani si kweli?"

Akarudisha waya masikioni.

New York

Kwa sababu ya halwa tulilikosa basi la kuunganisha, tukangoja saa nne. Tulinunua wali na kuku kwa Mmisri mwenye kigari cha chakula, tukakaa kwenye ngazi za jengo fulani kula. Wali wenyewe wa manjano bila zafarani. Mchuzi mweupe wanamwagia kama chokaa.

Nikamwambia Twaha, "Hapa watu wetu walishafika zamani sana, kwa meli yao wenyewe."

"Watu wetu gani?"

"Wa Unguja. Rais wa Marekani alituma manowari, mjumbe wake akaja kufunga mkataba na Sultani. Sultani naye akatuma meli yake hapa New York, na zawadi za rais. Farasi wawili, lulu, mashali, mafuta ya waridi. Nilielezwa na kinyozi mmoja Mkunazini nilipokuwa mdogo, babu yake alimsimulia."

Twaha akatoa simu yake, akabonyeza, akasoma. Akasoma tena. "Kumbe ni kweli," akasema. "Ipo hapa. Meli ilifika mwaka 1840." Akanitazama kama aliyeona mbuzi anahesabu.

Nikaendelea na wali wangu. Lakini nataka mjue nilichowaza. Simu ikisema, kweli. Mama yake akisema, hadithi.

Annapolis

Baltimore tulilala, na sina la kuisifia ila sabuni. Asubuhi tulichukua teksi ya Mhabeshi ambaye njia nzima alinieleza habari ya kiwanja anachojenga kwao. Annapolis ni mji mdogo, safi, umejaa vijana wa jeshi la majini wenye nguo nyeupe wanaotembea kama wamemeza fimbo. Nyumba ya Admirali ni ya matofali, mbele ina bendera.

Alitufungulia mwenyewe. Nilimjua kwa mabega. Nywele zimeisha, mgongo umepinda kidogo, lakini mabega ni yale yale niliyoyaona yakitetemeka chini ya turubai. Akanipa mkono, akautazama mkono wangu, akauachia upesi.

"Makame," akasema. "Makame wa Mombasa."

Moyo wangu ukatulia. Nikamtazama Twaha, nikamwambia kimoyomoyo: subiri sasa.

Binti yake, Bi Susan, mwanamke wa miaka hamsini hivi mwenye maneno mengi, akapokea halwa kwa mikono miwili akaiweka jikoni. Hatukuiona tena. Tukaketi. Supu ya kaa, mkate, saladi. Mimi kaa sili, nikala mkate. Bi Susan akadhani sina meno, akanikatia vipande vidogo vidogo.

Ukutani kulikuwa na picha za meli na picha za watu wanaopeana mikono. Admirali akaanza kuzungumza. Alizungumza habari ya mvua. Alizungumza habari ya goti lake. Akasema baada ya kustaafu alifundisha vijana uongozi miaka tisa. "Nilikuwa nawaambia jambo moja," akasema. "Kamanda hubeba lawama mwenyewe. Sifa huwapa walio chini yake."

"Maneno mazuri," nikasema.

Nikangoja. Saa nzima nilingoja. Kila akinyamaza nilidhani anavuta pumzi ya kulianza. Twaha akanikanyaga mguu chini ya meza, akaninong'oneza kwa Kiswahili, Kiswahili chake kibovu ambacho sijakisikia mwaka mzima: "Baba, uliza yeye."

"Haulizwi mtu jambo kama hilo," nikamwambia. "Atasema."

"Yeye hapana jua hiyo desturi yako."

"Mtu yeyote anaijua."

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa langu naliandika mwenyewe. Nilidhani jambo lile ni la binadamu wote.

Ili kumfungulia mlango, nikaleta habari ya meli ya Sultani. Admirali akachangamka, hiyo anaijua vizuri. Akasema rais alishindwa kuzipokea zile zawadi, sheria yao haimruhusu rais kupokea kitu cha mfalme, bunge likahangaika nazo, mwishowe farasi wakauzwa mnadani.

"Farasi wa Sultani mkawapiga mnada," nikasema.

"Lakini jeshi letu la majini liliitengeneza upya meli yenu," akasema. "Ilifika hapa imechakaa. Tukaitia gatini New York, tukaifanyia kila kitu, bure, ikarudi Unguja kama mpya."

"Basi siku hizo mlijua kurudisha wema."

Niliona yamempata. Alikuwa anamimina kahawa, akaimwaga kwenye kisahani. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu.

Twaha hakuweza kuvumilia tena. Ni mtoto wa Toronto, kwake swali ni swali. Akaweka kijiko chini, akasema kwa Kiingereza safi, "Bwana, samahani. Mama yangu aliniambia kwamba Mombasa ulianguka majini na baba yangu ndiye aliyekutoa. Ni kweli?"

Bi Susan ndiye aliyejibu kwanza. "Oh, ajali ile! Baba, waoneshe picha." Akainuka akaishusha ukutani. Ndani ya picha Admirali, enzi hizo bado kapteni, anamvisha nishani yule luteni. Yule mlingoti.

Admirali akaitazama picha, hakumtazama mtu. "Baba yako alikuwa mwendesha boti bora kuliko wote bandarini pale," akasema. "Boti aliituliza vizuri sana. Aliyenitoa ni luteni wangu."

"Na barua?" Twaha akauliza. "Ilikaushwa juu ya injini?"

Bi Susan akacheka. "Barua ya rais? Juu ya injini? Kijana, barua ile ilikuwa kwenye mkoba usioingiza maji!"

"Sawa," Twaha akasema. "Asante." Akashika kijiko chake. Hakunitazama. Ningependa anitazame, hata kwa hasira.

Bustanini

Baada ya chakula Admirali akasema anataka kunionesha bustani. Twaha akabaki ndani na Bi Susan, nawaona kupitia kioo, anaoneshwa picha nyingine. Tukatembea mpaka mwisho wa majani. Pale akasimama, akanipa mgongo.

"Kofia yako ilikuwa ya rangi ya maziwa," akasema. "Imeshonwa kwa uzi wa kahawia. Miaka thelathini hii naiona nikifumba macho."

Nikautazama mgongo wake.

"Nilikuwa nimebeba barua ya rais, Makame. Mbele ya manowari nzima nimetumbukia kama mlevi, nimetolewa kwa mkanda wa suruali na mtu wa bandari, na barua imeanikwa kama samaki. Ningeandika hivyo kwenye ripoti yangu, ningeishia hapo na cheo changu. Nikaandika luteni. Yeye naye hakukataa."

"Rudi ndani umwambie mwanangu."

"Siwezi. Luteni alikufa mwaka juzi. Mjane wake anayo ile nishani, ameitundika sebuleni."

"Mke wangu naye amekufa," nikamwambia. "Alikuwa hana nishani. Alikuwa na neno lake tu, na wewe umelila na supu."

Akageuka. Macho yamejaa maji. Akaniwekea mkono begani, kama siku ile gatini. Nikautoa. Sikuutoa kwa nguvu, niliutoa kama mtu anavyotoa jani lililomwangukia.

"Mimi nakushukuru," akasema. "Najua haitoshi, lakini nakushukuru."

"Hapa hapana mtu," nikamwambia. "Unamshukuru nani?"

Nikarudi ndani nikachukua koti langu.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuchelewa hata dakika moja. Mvua hakuna, theluji hakuna, lori halikulala. Tukitaka kufika haraka tunacheleweshwa, tukiwa hatutaki kufika tunafika.

Baada ya New York Twaha akatoa waya masikioni. "Baba, kule nje mlikuwa mnazungumza nini?"

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia. Filomena, niliyemweleza yeye peke yake, amenigombeza wiki mbili kwa ajili hiyo. Lakini fikirini. Ningemwambia, "Amekiri, ila hakukuwa na mtu," angenitazama vipi? Angeniweka hapo hapo alipomweka mama yake, katika rafu ya wazee wanaopenda kusimulia. Angekuwa mpole kwangu. Ningeweza kuvumilia kila kitu, lakini si mwanangu kunifanyia upole.

"Bustani," nikamwambia. "Ana waridi."

"Aprili?"

"Ameyafunika."

Akazungushazungusha waya kidoleni. Kisha akasema, "Pole, baba." Pole ya nini, sikumuuliza. Inaweza kuwa pole kwamba ulidanganywa. Inaweza kuwa pole kwamba ulidanganya. Ni neno moja.

Mpakani afisa wa Kanada akauliza tulikwenda kufanya nini Marekani. Twaha akajibu kabla sijafungua kinywa: "Utalii."

Mbele ya watu hakusimama. Mimi sikumkumbusha. Ahadi ilikuwa asimame akisikia, na hakusikia.

Safari ndiyo hiyo. Leo aliyepaswa kusema amekataa, kwa hiyo nimesema mwenyewe, na mwenye kuniona nimeuza na aone. Nilicho nacho leo ni hiki. Nyumba ya vyumba vitatu Scarborough, niliyoipata kwa kusugua sakafu za watu. Kampuni ya usafi yenye wafanyakazi kumi na wanne, na mashine tatu za kupigia sakafu nta. Gari moja la mizigo, la mwaka 2006. Makaburi mawili yanayopakana, moja limeshajaa. Vidole vinane. Mtoto mmoja, mhandisi, mwenye heshima, anayenipigia simu kila Jumapili, na asiyeweza kusoma hata mstari mmoja wa haya niliyoyaandika. Msimsomee. Akitaka kujua, anayo namba yangu, aniulize mimi mara ya pili.